Rangi ya kichupa iliyokaa miaka minne: nipake au nitupe?

Swali: Fundi, habari ya kazi? Bodaboda imenikwaruzia mlango wa Toyota yangu ya silva kwenye msongamano wa Ngara. Nina kichupa cha rangi nilichochanganyiwa Kirinyaga Road miaka minne iliyopita, ila sasa kimekuwa kizito. Nitie thina nipake, au nikitupe? – Msomaji wa kike, Kasarani

Jibu: Usikitupe bado, dada. Chovya kijiti cha meno. Rangi ikivuta uzi kama asali, ni thina tu iliyoruka, na hiyo inarudishika. Ikiwa imeganda kama jeli au ina vibonge visivyosagika, imekwisha kazi.

Thina iwe ya rangi za magari, tone moja moja. Petroli na mafuta ya taa weka mbali kabisa.

Halafu tikisa, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Silva ina chembe ndogo za alumini, na kwa miaka minne zimelala chini. Ukitikisa kidogo tu utapaka kijivu kilichofifia, kisha umlaumu aliyekuchanganyia. Mimi hutikisa dakika tano nzima, chupa nikiipindua kichwa chini, hadi nisione chochote kilichoshika kitako chake.

Usianzie mlangoni. Paka kwenye kipande cha bati, kikauke, kisha kiweke kando ya mlango mchana, nje. Rangi mbichi hudanganya. Na hata namba ya rangi ikiwa ile ile ya kwenye kibati cha gari, tuseme 1F7, huenda zikatofautiana kidogo: kichupa kilikaa kabatini, gari likakaa juani.

Sasa pitisha ukucha kwenye mkwaruzo. Usiponasa, klia, yaani lile tabaka angavu la juu ya rangi, peke yake ndiyo iliyoumia. Piga polishi, rangi huihitaji. Ukinasa, osha na ufute mafuta. Penye kutu piga msasa hadi chuma king'ae, kisha upake praima, ile rangi ya kwanza ya chini. Rangi ipake kwa ncha ya kijiti, nyembamba, mara mbili au tatu, kila tabaka likauke kwanza, umalizie na klia. Siku ya mvua acha, maana unyevu huleta ukungu mweupe.

Mkwaruzo ukizidi urefu wa kiganja, mpelekee fundi apulize mlango mzima. Kwenye silva, alama ya kijiti haifichiki.