Juni au Desemba? Kupanga likizo ya familia Ngazija mkitokea Mtwara

SWALI: Habari za kazi. Tunaishi Chikongola, Mtwara Mjini. Mimi na mume wangu tunataka kuwapeleka watoto Ngazija, Visiwa vya Komoro, kwa siku saba. Tuko sita: sisi wawili, mama mkwe wa miaka 66, na watoto wa miaka 15, 11 na 6. Huyu wa miaka 11 ana pumu. Mume wangu anataka twende Desemba baada ya malipo ya korosho, na wote tupande mlima Karthala. Inawezekana? Tubebe maji kiasi gani mlimani? Na bahari ya kule ni kama ya Msimbati?

JIBU: Dada, tuanze na tarehe, maana mkikosea hapo mengine yote yanaharibika. Msiende Desemba. Kuanzia Novemba hadi Aprili Ngazija ni joto na mvua, mlima unashinda ndani ya mawingu, na hayo ndiyo majira ya vimbunga. Mtwara mnakikumbuka Kenneth cha Aprili 2019. Shule na ofisi zilifungwa kwenu, kisha kikaishia kaskazini mwa Msumbiji, lakini kabla ya hapo kilikuwa kimepita jirani kabisa na Ngazija kwa upande wa kaskazini. Na Desemba 2024 kimbunga Chido kiliivunjavunja Maore (Mayotte), kisiwa cha nne katika mnyororo huohuo. Mzazi mwenye mtoto wa miaka 6 hana sababu ya kubahatisha hapo.

Nendeni Juni. Kusi imeshaingia, mvua imepungua, hewa ni ya kupoa, na watoto wako likizo ya katikati ya mwaka. Julai na Agosti hali ya hewa ni nzuri vilevile, ila ndiyo miezi ambayo Wakomoro waishio Ufaransa hurudi nyumbani kwa ajili ya harusi kubwa za kimila. Ndege hujaa, vyumba hujaa, magari ya kukodi hayapatikani. Hela ya korosho haipotei kwa kusubiri: Januari lipieni pasipoti, Februari tiketi, na fedha ya matumizi muitunze kwa yuro. Pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000 na nyinyi mko sita, kwa hiyo hilo peke yake ni shilingi 900,000. Kila mtoto anahitaji ya kwake, na vyeti vya kuzaliwa viwe tayari kabla ya kwenda Uhamiaji, kwani kinachokwamisha familia nyingi ni cheti chenye jina linalotofautiana herufi moja na la kitambulisho cha mzazi. Viza hutolewa uwanjani Hahaya mkifika. Ada wekeni kwa yuro taslimu.

Njia ya kufika inaudhi kidogo. Kutoka Mtwara hadi Moroni kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 370, lakini abiria inabidi kwanza apande kaskazini hadi Dar es Salaam, kisha ageuke na kuruka karibu kilomita 700 kurudi kusini mashariki. Mtu atawaambia kuna meli ya mizigo inayotoka bandari ya Mtwara. Msimpandishe bibi wala mtoto mwenye pumu humo: hakuna vyumba vya abiria, moshi wa injini unarudi sitahani, na kusi ya Juni inachafua bahari kwelikweli. Mkienda Dar kwa basi, fikeni siku mbili kabla ya ndege. Barabara ya kusini ilikatika Somanga kwa mafuriko ya Mei 2024, na hata bila mafuriko basi linaweza kulala njiani.

Sasa Karthala. Wote sita, hapana. Baba na huyu wa miaka 15, inawezekana kwa masharti.

Kilele kiko mita 2,361 juu ya bahari, na mlima ni volkano hai. Ililipuka mara mbili mwaka 2005, tena 2006 na 2007. Kwa mtu mzima mwenye mazoezi ya wastani, hesabu ya kawaida ni mita 300 za kupanda kwa saa. Kijana asiyezoea milima, mita 250. Mkianzia vijiji vya juu ya Moroni upande wa Mvuni, hiyo ni siku nzima ya kupanda. Gari la magurudumu manne likiwasogeza kwenye njia ya msituni mnaokoa saa kadhaa, ila njia ikilowa nalo haliendi. Kurudi chini si mteremko wa raha. Kokoto za lava zinateleza kama punje za mahindi chini ya soli, na magoti ndiyo yanayolia siku ya pili.

Kinachowashinda watu wa pwani ni baridi na kiu kuliko umbali wenyewe. Kila mita 1,000 mnazopanda, joto hushuka kama nyuzi 6. Usiku wa Juni ukiwa nyuzi 22 Moroni, kileleni unakuwa nane hivi, na upepo juu yake. Mtoto wa Mtwara hajawahi kuhisi kitu hicho. Kila mmoja awe na sweta zito, koti la mvua lisilopitisha maji, kofia ya kufunika masikio, soksi jozi mbili na nguo kavu zilizofungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Fulana ya pamba ikilowa jasho msituni haikauki tena, na huko juu ndiyo inayomtetemesha mtu. Abadilishe kabla hajapoa.

Maji ulivyouliza. Ngazija haina mto wa kudumu hata mmoja, kwa sababu mawe ya volkano yana vitundu na nyufa, na mvua ikinyesha inazama moja kwa moja. Ndiyo maana vijiji vya juu huvuna mvua kwenye matangi na pwani visima vingi vina chumvi. Mlimani hakuna chemchemi ya kutegemea. Hesabuni lita 4 za kunywa kwa mtu kwa siku, na lita 2 za kupikia kwa safari nzima. Kwa siku mbili na usiku mmoja, mtu mmoja anahitaji lita 10, yaani kilo 10. Baba, kijana, mwongozaji na mpagazi mmoja ni watu wanne, sawa na lita 40. Mpagazi mmoja akibeba kilo 20 basi bado kilo 20 zinatafuta mgongo, hivyo mnahitaji mpagazi wa pili, naye anakunywa: zinakuwa lita 50. Hapa ndipo hesabu za watu wengi huvunjika. Wananunua maji ya wageni wawili na kusahau kwamba wanaowabebea nao ni binadamu. Chupa za lita moja na nusu ni bora kuliko dumu kubwa, kwa kuwa uzito unagawanyika na dumu likipasuka mmeishiwa.

Kwa nini walale? Kwa sababu mawingu hukusanyika mlimani kuanzia katikati ya asubuhi. Anayetoka bondeni alfajiri hufika juu kukiwa kumeshafunga, akaona ukungu tu. Aliyelala juu akaamka kabla ya jua ana saa tatu au nne za anga safi, na hapo ndipo utaona kasoko, yaani mdomo wa volkano, lilivyo: bonde la kilomita tatu kwa nne, sakafu nyeusi ya lava iliyoganda kama uji uliokunjamana, na mvuke ukitoka kwenye nyufa.

Huo mvuke ndio sababu ya mtoto wa pumu kubaki chini. Gesi ya kiberiti inabana vifua hata vya wazima, na baridi inaongezea. Hata hao wawili wasishuke kwenye shimo wala mkunjo ambao hauna upepo: hewa ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama chini kama maji, haina harufu, na mtu huanguka kabla hajajua. Mwaka 1903 gesi ya Karthala iliua watu 17. Mahali pa kulala pawe pa juu, penye upepo, mbali na nyufa zinazofuka. Na lava mpya isikanyagwe nje ya njia ya mwongozaji, kwa sababu mara nyingine gamba la juu ni jembamba na chini ni tupu.

Kabla ya kupanda, mwongozaji au hoteli iulize kituo cha kuchunguza volkano kilichoko Moroni kama mlima umetulia. Mwongozaji mwenyewe muulizeni alipanda mara ya mwisho lini, njia ikoje sasa, na akiumia mtu anashushwaje. Akijibu la tatu kwa kusema "hakuna anayeumia", tafuteni mwingine. Mazoezi yaanze wiki sita kabla. Mtwara mjini ni tambarare, hivyo wikendi waende Newala, washuke na kupanda ukingo wa Shimo la Mungu wakiwa na mzigo wa kilo 8, kwa viatu vilevile watakavyovaa Ngazija. Kijana akiomba kupumzika kila dakika kumi katika wiki ya sita, asiende.

Wale wanne wengine wasione wamenyimwa, kwani volkano iko kila mahali kisiwani. Singani, kusini, lava ya 1977 iliingia kijijini, na mtu anaweza kuiona na kuigusa bila kupanda mlima. Kaskazini kuna Ziwa la Chumvi karibu na Bangwa Kuni, kasoko la kale lililojaa maji hatua chache kutoka baharini. Kingo ni wima, mkono wa mtoto usiachwe. Moroni kwenye makumbusho mtawaonyesha gombesa aliyehifadhiwa, yule samaki wa kale aliyedhaniwa ametoweka mamilioni ya miaka. Watoto watafurahi kusikia kwamba Tanzania nako amevuliwa, na kwamba mwaka 2003 alinaswa huku kwetu kusini, Songo Mnara, Kilwa. Kwenye viwanda vya kukamua mafuta ya ilangilang, ua la manukato, mwenye pumu akae upande unakotoka upepo, maana kuni na harufu kali vyote viwili vinachokoza.

Na bahari si kama ya Msimbati hata kidogo. Kwenu maji yakitoka mtoto anatembea mbali na bado yako magotini. Kisiwa cha volkano ni mlima uliosimama baharini: mwamba wa matumbawe ni mwembamba, na ukivuka ukingo wake sakafu inaporomoka ghafla. Anayemlinda mtoto kwa mazoea ya Mtwara anakaa mbali mno. Ogeleeni Itsandra, Mitsamihuli au Chomoni, ndani ya mwamba, maji yakiwa yamejaa nusu na yanaendelea kuingia. Yakianza kutoka, mkondo wa kwenye mlango wa mwamba unavuta. Saa za maji hazitofautiani sana na za kwenu, na siku za bamvua vuta ni kali zaidi, hivyo chagueni wiki ya maji mafu kwa siku za kuogelea. Boya la kuvaa la mtoto wa miaka 6 linunuliwe Dar. Viatu vya mpira vya kufunga kwa wote, kwa sababu lava hukata kama chupa na kwenye mashimo yake wamo viumbe wa baharini wenye miiba mirefu myeusi. Mavazi ya kuogelea yawe ya stara. Nchi ni ya Kiislamu na wenyeji hawapendi vinginevyo.

Siku zipangeni hivi: siku ya kwanza na ya pili Moroni na Itsandra, mpumzike. Ya tatu na ya nne wawili mlimani, wengine kaskazini. Ya tano Chomoni, ya sita Singani, ya saba wazi. Mlima usiwekwe mwisho. Ukifunga siku ya tatu mnasukuma hadi ya tano, na ndege ikichelewa nako mnayo siku ya saba.

Fedha yao ni faranga, na yuro moja ni faranga 491.97, kiwango kisichobadilika. Shilingi msiitegemee, na kadi hazipokewi sehemu nyingi. Bebeni yuro za noti ndogo.

Dawa ya pumu ya kuvuta iwe mbili, moja kwa mama na moja kwa bibi, zote kwenye mkoba wa mkononi, na muoneni daktari wake mwezi mmoja kabla. Barakoa za kuzuia vumbi, mbili kwa kila mtu. Majivu yakianguka fungeni madirisha, funikeni maji, na msifagie makavu: yamwagieni maji kidogo kwanza. Mwaka 2005 majivu yaliharibu matangi ya maji ya vijiji vingi, hivyo hapo ni maji ya chupa tu hata kwa kupigia mswaki. Siku za kawaida maji ya bomba au tangi yachemsheni, na vyandarua muwe navyo, kwani malaria ipo.

Lugha haitawasumbua sana, Kingazija ni ndugu wa Kiswahili, ila watoto wajue kwamba "marahaba" kule ni asante. Plagi ni za pini mbili za mviringo, adapta nunueni kabla. Na magari hupita kulia, kwa hiyo mazoea ya kwetu ya kutazama kulia kwanza yanakupeleka mbele ya gari. Huyu wa miaka 6 mfundisheni kabla ya safari, barabarani hapo Chikongola: kushoto kwanza, halafu kulia, halafu kushoto tena.