Kabla Hujabomoa: Maswali na Majibu

Nimerithi ghala la zege, nataka liwe makazi. Mafundi wote wanasema nibomoe. Wana haki?

Usikubali haraka. Zege na chuma vilivyomo mle vilishagharimu moto na mafuta mengi kutengenezwa. Ukibomoa, unavitupa kisha unaanza kuvitengeneza tena. Mtafute mhandisi akague msingi, nguzo na paa kabla hujachora mstari hata mmoja. Ghala lina neema zake: dari iko juu na nguzo zimeachana, kwa hiyo kuta za ndani utaziweka utakapo. Shida yake ni mwanga, maana katikati huwa giza. Hapo inabidi kukata. Cape Town, mapipa marefu ya zege yaliyohifadhi nafaka yalichongwa kwa ndani hadi ukapatikana ukumbi wenye umbo la punje, na mwaka 2017 likafunguliwa jumba la sanaa la Zeitz MOCAA. Mbunifu, Thomas Heatherwick, aliupata ukumbi huo kwa kukata zege. Nawe anza kwa kujiuliza utoe nini.

Je, jengo la ghorofa linaweza kuboreshwa wapangaji wakiwa ndani?

Linaweza. Bordeaux, Ufaransa, wabunifu wa majengo Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal pamoja na wenzao waliboresha nyumba 530 katika majengo matatu: nje ya kila nyumba wakaongeza kibaraza kipana cha kufungwa kwa vioo, na wakazi hawakuhamishwa. Mimi huupenda mradi huo kuliko majumba yote ya fahari, kwa sababu wakazi walibaki na majirani zao.

Ukuta wa mawe na chokaa tuliupiga lipu ya saruji, sasa unabanduka. Kwa nini?

Ukuta wa namna hiyo hupumua: unyevu huingia na kutoka. Saruji imeufungia ndani. Ibandue taratibu, acha ukuta ukauke vizuri, hata kama ni miezi, kisha upige lipu ya chokaa. Angalia pia maji yanaingilia wapi, maana lipu haizibi mfereji uliopasuka.

Kabati la bibi: nilipige msasa na kulipaka rangi mpya?

Rangi za zamani mara nyingi zina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, kwa watoto hasa. Ipimwe kwanza. Ikiwa ni mbao tupu yenye vanishi, lifute tu, kaza maungio, uone kama bado unaitaka hiyo rangi.