Jibu: Kalenga na alikozaliwa Mkwawa

Salama mkuu. Umeuliza kama pale Kalenga ndipo nyumbani alikozaliwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, na kama ukitoka Mbeya na watoto unaweza kufika Kalenga na kaburini kwake kwa siku moja.

Alizaliwa Luhota, hukohuko Iringa. Kalenga ilikuwa makao yake makuu na ngome, iliyoangushwa na Wajerumani mwaka 1894. Palipohifadhiwa ni hapo Kalenga, na fuvu lake limo kwenye makumbusho ya hapo tangu liliporudishwa kutoka Ujerumani 1954. Waandae wadogo kabla hawajaingia; wengine hushtuka.

Cha kwanza kuangalia ni usafiri. Basi la Mbeya likikushusha Ipogolo, mji wa Iringa uko juu kilimani, panda daladala. Kutoka mjini Kalenga ni karibu, kama kilomita 15, barabara ya kwenda hifadhi ya Ruaha. Kaburi liko Mlambalasi, mbele zaidi njia hiyohiyo, na huko bila gari la kukodi utahangaika.

Mimi ningelala Iringa, niondoke asubuhi nianze na Mlambalasi, Kalenga wakati wa kurudi. Kwa siku moja kutoka Mbeya, hapana, labda Kalenga tu. Lugalo, Mkwawa alipowashinda Wajerumani, usiichanganye humo, ipo upande wa Morogoro.