Ajenti mmoja au wanne?

Umeuliza kama umwachie ajenti mmoja kazi ya kuleta vibarua wote wa kufunga maua msimu wa Valentine hapo shambani Naivasha, badala ya wale ajenti wanne. Mimi naona ni sawa. Utapata ankara moja, na mtu mmoja wa kupigia simu alfajiri basi la vibarua likifika nusu tupu. Ila mkataba uwe wa msimu mmoja, na ukuruhusu kuchukua watu kwingine akipungukiwa.

Kabla ya kumlipa, dai risiti za michango ya vibarua ya NSSF (hifadhi ya jamii) na SHA (bima ya afya). Hapo ndipo wengi hupiga chenga. Na hesabu siku: kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 hakimwachi mtu abaki kibarua akishafanya kazi mwezi mzima mfululizo. Vibarua wakienda kortini, usishangae shamba likishtakiwa pamoja na ajenti.