Mbwa mzee aliyedhoofika ghafla

Pole sana, dada. Mbwa wa miaka 12 anayekataa chakula siku mbili, miguu inalegea na mkojo umekuwa kama chai ya rangi, usiseme ni uzee tu. Uzee huja polepole. Mkojo wa namna hiyo, hapa Uganda, kwanza hunifanya nifikirie ugonjwa wa kupe unaovunja chembe nyekundu za damu.

Mwinue mdomo utazame ufizi. Ubonyeze kwa kidole hadi uwe mweupe, kisha uachie: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Ufizi ukiwa mweupe au wa manjano hata kabla ya kuubonyeza, mpeleke leo hii. Akiwa amelala, hesabu pumzi. Zikizidi 30 kwa dakika, usingoje asubuhi. Kagua kupe ndani ya masikio na katikati ya vidole, ingawa kutowaona hakumaanishi hana ugonjwa.

Tafadhali usinunue dukani dawa ya sindano ya ng'ombe ya ugonjwa huo wa kupe ukamchoma mwenyewe. Kwa mbwa, dozi inayotibu na ile inayodhuru ubongo zimekaribiana mno, lazima apimwe uzito. Panadol na diclofenac pia usimpe.

Daktari apime damu kwa hadubini, wingi wa chembe nyekundu, na figo. Kwa mbwa mzee figo ndizo huamua mengi. Kama uko karibu na Kampala, Chuo Kikuu cha Makerere kina koleji ya tiba ya wanyama.

Njiani mlaze kifudifudi, na maji usimmiminie mdomoni, yataingia mapafuni.