Bunka ngapi zinatosha kiwanja cha gofu cha mashimo 9? Anzeni na mteremko

Mkuu, umesema mkandarasi ameleta mchoro wenye bunka 40 (yale mashimo ya mchanga ya kunasa mipira), shamba lenyewe linateremka kuelekea mtoni, na unataka kujua kama bunka zote hizo ni za lazima au ni mapambo. Kwa maoni yangu nyingi hamzihitaji, na zitakazobaki zisipangiwe mahali kabla ardhi haijasomwa. Nitaeleza kwa urefu kidogo, maana jambo hili nalipenda sana.

Nilibeba fimbo za wachezaji huko Moshi nikiwa kijana, na sasa naishi Dundee, Uskoti, karibu na St Andrews. Kiwanja kikongwe cha pale, Old Course, kwa kawaida hakichezwi gofu Jumapili, na mtu yeyote anaruhusiwa kutembea ndani. Watu hupita na mbwa wao, watoto hukimbia, mimi huenda kuangalia bunka. Ziko 112, na zile za kale hakuna aliyekaa mezani akazichora. Ardhi ni mchanga wa pwani uliofunikwa na nyasi fupi. Husimuliwa kwamba kondoo walijichimbia vishimo vya kujikinga na upepo. Mipira nayo ilikuwa ikikusanyika kwenye mabonde yaleyale, wachezaji wakaipiga kutoka hapo mpaka nyasi zikaisha na mchanga ukabaki wazi. Maana yake bunka zilizaliwa pale mpira ulipokuwa ukienda wenyewe. Hilo ndilo ningetamani mkandarasi wenu alielewe kabla ya jambo lingine lolote.

Simama mahali pa kuanzia shimo la 12: mbele yako unaona nyasi tupu. Tembea hadi karibu na grini, yaani pale penye nyasi fupi na bendera, kisha geuka nyuma, utaona bunka zimekukodolea macho. Zamani kiwanja kilichezwa kwa kuzunguka upande wa pili, na aliyetoka huko aliziona vizuri.

Lakini somo kubwa liko shimo la 17. Bunka iliyo mbele ya grini ni ndogo, ukiiona kwenye picha utajiuliza inaogopewa kwa nini. Jibu liko kwenye ardhi inayoizunguka, ambayo imeinama kuielekea, hivyo inanasa mipira ya eneo pana kuliko shimo lililochimbwa. Kwenye mashindano ya The Open ya 1978, yaliyochezwa hapo, Tommy Nakajima wa Japani alikuwa ameshafika kwenye grini kwa mikwaju 2. Akausukuma mpira taratibu kuelekea bendera, mteremko ukauchukua ukauingiza kwenye bunka. Ilimchukua mikwaju 4 kutoka humo, akamaliza shimo kwa 9.

Bunka hiyohiyo inamsumbua mchezaji tangu mkwaju wa kwanza, akiwa bado mbali kabisa na grini. Pembe nzuri ya kuiingilia grini iko kulia, upande wa hoteli, ambako mpira ukizidi kidogo unatoka nje ya mpaka. Anayeogopa akakimbilia kushoto, bunka inakaa kati yake na bendera. Hapo ndipo bunka inapofanya kazi yake: inakulazimisha uamue mapema unataka kusimama wapi. Tiger Woods aliposhinda pale mwaka 2000 kwa tofauti ya mikwaju 8, hakuingia bunka hata moja kwa raundi zote 4.

Sasa turudi kwenye shamba lenu, ambalo kwa mteremko wake mimi naliona linafanana zaidi na Augusta, kiwanja cha Marekani, kuliko St Andrews. Alister MacKenzie, aliyeipima Old Course na kuichora ramani yake ya mwaka 1924, ndiye aliyesanifu Augusta pamoja na mchezaji Bobby Jones. Ardhi ile ya Georgia ilikuwa na vilima tayari, wakaiacha ifanye kazi, bunka wakaweka chache. Shimo la 13 ni mfano mzuri. Uwanda wake unainama kutoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo anayepiga kwa mkono wa kulia anakuta mpira uko juu ya usawa wa miguu yake, na mkwaju wa namna hiyo hupenda kupinda kushoto. Kijito kinapita upande huohuo wa kushoto, kisha kinakatiza mbele ya grini. Mwinamo na maji vinatosha kumfanya mtu asite.

Jambo la mwisho ni udongo, na hapa ndipo hela hupotea. Bunka za St Andrews ni za kina kirefu, kuta zake zimejengwa kwa matabaka ya nyasi, na hukauka kwa sababu chini ni mchanga. Ukichimba hivyo kwenye mfinyanzi, masika ya kwanza yatakuachia bwawa, na tope likishachanganyika na mchanga mtabadilisha mchanga wote. Kumbukeni kwamba mpira unakotelemkia ndiko na maji yanakotelemkia. Hivyo kwenye udongo mzito msiweke bunka chini kabisa ya mwinamo. Iwekeni pembeni kidogo, begani mwa mteremko, mchimbe mfereji wa nyasi upande wa juu wa kuyakatiza maji, na chini ya bunka yenyewe mlaze kokoto na mabomba yenye matundu. Kule bondeni acheni shimo la nyasi tupu, lisilo na mchanga. Nalo humtesa mchezaji, na linatunzwa kwa mashine ya kukata majani tu, bila mtu wa kulisawazisha kwa reki kila asubuhi.

Kabla ya kusaini chochote, ingieni shambani mvua ikiwa inanyesha na mchome vijiti kila maji yanapopita. Ardhi ikikauka, pigeni mipira mingi kutoka kila mahali pa kuanzia, mtie alama inaposimama. Chukueni ramani ya alama hizo mwende nayo kwa mkandarasi, aeleze bunka moja moja inamuuliza mchezaji nini. Asiyoweza kuieleza, ifutwe.

Ukipata ramani ya mwinuko wa shamba iweke hapa, na useme udongo ni mwekundu au ni ule mweusi unaopasuka kiangazi. Nitaipitia shimo kwa shimo.