Kompyuta kwenye kabati la mbao inazima yenyewe

SWALI: Seremala wa Katindo alinitengenezea kabati la mbao la kompyuta, lenye bati ndani la kufungia ubao mama (bodi kuu ya saketi). Nikiwasha, feni zinazunguka kidogo kisha kimya. Je, ubao umeungua?
Msomaji, Goma

JIBU: Ndugu msomaji, usikimbilie kununua mwingine. Chomoa umeme, toa ubao mama, ulaze juu ya katoni kavu. Unganisha pawa saplai (kisanduku cha umeme), prosesa (chipu kuu) na feni yake, na memori moja tu. Gusanisha pini mbili za swichi ya kuwashia kwa ncha ya bisibisi. Ukiwaka na kubaki hivyo, kosa liko kwenye bati.

Hesabu vinguzo vya shaba, vile vijiti vifupi kwenye bati vinavyoshikilia ubao. Ubao wa ATX (saizi kamili ya kawaida) wa milimita 305 kwa 244 huwa na matundu 9. Kinguzo kisicho na tundu juu yake hugusa vidoti vya risasi ya kulehemu nyuma ya ubao, shoti inatokea, na pawa saplai inajikata. King'oe hicho, kwani mafundi wengi hutoboa bati kwa kukisia. Pima kwa ubao wenyewe.

Ukizima hata juu ya katoni, angalia plagi ya pini 4 au 8 karibu na prosesa, kisha chomoa memori na uirudishe mpaka ibane.

Halafu joto: mbao hulishika. Feni ya milimita 120, yenye matundu ya skrubu yaliyoachana milimita 105, iingize hewa chini mbele. Nyingine itoe juu nyuma. Kwa vumbi letu la lava, funika ya mbele kwa soksi ya nailoni, uifue kila wiki.